Roboti inagundua nyuroni hewa na mzibo haufiki gigaomu: tatizo liko wapi?

Swali: *Maabara yetu ina amplifaya ya pachi-klempu (mbinu ya kurekodi umeme wa seli kwa pipeti nyembamba ya kioo), manipuleta ya mota na vali za presha zinazoendeshwa na kompyuta. Tumeweka programu huria ya otopachi (roboti inayofanya pachi-klempu yenyewe) ili turekodi seli za gamba la ubongo la panya aliye hai, akiwa amelazwa kwa dawa. Programu inakwenda, ila mara nyingi inasimama na kutangaza kwamba imepata seli mahali ambapo hapana kitu. Na hata ikipata seli ya kweli, mzibo kati ya ncha ya pipeti na utando wa seli unaishia ukinzani wa megaomu 100 au 200, haufiki gigaomu (megaomu 1,000). Tunakosea wapi? Na je, mashine hii inaweza kufanya kazi bila mtu mwenye uzoefu kukaa pembeni?*

Jibu: Hayo ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti, na kwa dalili mlizozieleza, programu yenyewe ndiyo ya kushukiwa mwisho. Nyuroni hewa hutokana na kipimo cha ukinzani kinachoyumba: mvumo wa umeme wa ukutani, waya wa fedha uliochakaa, au uchafu ulionasa kwenye ncha ya pipeti. Mzibo unaogoma kwa kawaida hutokana na presha. Ilipungua pipeti ikiwa njiani, ncha ikachafuka, na ilipoifikia seli haikuwa tena na uwezo wa kushikamana nayo. Kwa hiyo acheni kwanza kubadilisha vizingiti vya programu. Anzeni na umeme, kisha presha, kisha panya mwenyewe, wala msiruke hatua, kwa sababu kosa la umeme likibaki litajidai kuwa kosa la presha na mtahangaika na vali zisizo na hatia.

Ni vizuri kukumbuka roboti hii inajua nini na haijui nini. Pachi-klempu ilianzia Göttingen, Ujerumani, ambako Erwin Neher na Bert Sakmann mwaka 1976 walirekodi mkondo wa umeme unaopita kwenye mfereji mmoja wa ioni katika utando wa seli. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Kwa miongo kadhaa kurekodi kutoka ndani ya nyuroni ya mnyama aliye hai kuliendelea kutegemea mikono ya watu wachache waliofundishwa kwa muda mrefu. Mwaka 2012, Suhasa Kodandaramaiah na wenzake, chini ya Edward Boyden wa MIT na Craig Forest wa Georgia Tech, walionyesha katika jarida la Nature Methods kwamba upachikaji wa kupapasa, ule wa kushusha pipeti bila kuiona seli, unaweza kuendeshwa wote kwa kufuatilia kitu kimoja: ukinzani wa ncha na jinsi unavyobadilika hatua kwa hatua. Roboti haioni nyuroni. Inaona namba ikipanda. Chochote kinachoipandisha namba hiyo, kwa roboti ni nyuroni.

Kuna jambo jingine la kuliweka akilini kutokana na kazi hiyo ya 2012: kwa wavumbuzi wenyewe, takriban thuluthi moja tu ya majaribio ndiyo yaliyofika kwenye kurekodi seli nzima, yaani kutoboa utando na kurekodi kutoka ndani ya seli, na hiyo ilikuwa sawa au juu kidogo ya mtu aliyefuzu kazi hiyo kwa mkono. Maana yake kila kitu kikiwa sawa kabisa, bado majaribio mawili kati ya matatu yanafeli. Msihukumu mtambo wenu kwa siku moja mbaya. Hesabuni majaribio 20 au 30, kila moja likiandikwa lilifia hatua gani.

Umeme kwanza

Programu hutuma mawimbi ya mraba ya milivolti 10, kwa kawaida mara 10 kwa sekunde, na kupima mkondo unaopita. Pipeti ya megaomu 5 inapitisha pikoampea 2,000. Ncha inapokaribia utando wa seli ukinzani huongezeka kidogo. Kizingiti kinachotumika sana ni ongezeko la kiloomu 200 hadi 300 lililojengeka kwa hatua tatu mfululizo, kila hatua ikiwa mikromita 2 au 3. Tuchukue kiloomu 250: mkondo unashuka kutoka pikoampea 2,000 hadi 1,905 hivi. Uamuzi wote wa kusimama au kuendelea umejengwa juu ya pikoampea 95, chini ya asilimia 5 ya kinachopimwa.

Sasa tazameni kinachotokea kwetu. Programu ya awali ilitengenezwa Marekani, ambako umeme wa ukutani ni wa hezi 60. Afrika Mashariki ni hezi 50. Nusu ya wimbi la hezi 10 inachukua milisekunde 50. Katika muda huo mvumo wa hezi 60 unakamilisha mizunguko 3, na programu ikichukua wastani wa nusu hiyo nzima, mvumo unajifuta. Mvumo wa hezi 50 unakamilisha mizunguko 2 na nusu, na ile nusu haifutiki. Katika nusu ya pili ya wimbi hubaki tena, safari hii kwa alama iliyo kinyume, hivyo programu inapotoa thamani moja kwenye nyingine makosa mawili yanajumlishwa badala ya kufutana. Mvumo wa pikoampea 100 unaweza kuacha kosa la hadi pikoampea 25 hivi, ambalo kwenye pipeti ya megaomu 5 ni kiloomu 60 na ushee. Na kwa kuwa masafa ya gridi hayatulii kwenye 50 barabara, kosa hilo halikai mahali pamoja: linapanda taratibu, linashuka taratibu. Mvumo ukiwa mkubwa, kupanda huko kukiangukia hatua tatu mfululizo, roboti inasimama na kuwaambia imepata seli.

Fungueni sehemu ya programu inayokokotoa ukinzani mwone inachukua wastani wa kipande gani. Kiwe milisekunde 40 za mwisho za kila nusu ya wimbi, yaani mizunguko 2 kamili ya hezi 50. Mnapata faida mbili: mvumo unafutika, na ule mruko mkali wa mwanzo, unaotokana na kuchaji kwa kuta za kioo cha pipeti, unaachwa nje ya hesabu.

Kufuta kwa hesabu hakuondoi haja ya kuuwinda mvumo wenyewe. Wekeni pipeti kwenye maji ya chumvi, tazameni mkondo kwenye osiloskopu, kisha zimeni kifaa kimoja baada ya kingine. Mshukiwa wa kwanza ni godoro la kumpasha panya joto, hasa lile linalotumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Wanafuata taa ya darubini, kidhibiti cha mota za manipuleta, na UPS. UPS za bei nafuu hutoa wimbi la mraba lililojaa takataka za masafa ya juu. Tafuteni yenye wimbi safi la sine, au zirekodini seli UPS ikiwa imepitwa. Kizimba cha Faraday, meza, fremu ya kumshika panya na darubini viungwe kwenye nukta moja tu ya ethi, karibu na amplifaya. Kamwe msikate waya wa ethi wa kifaa chochote ili kuondoa mvumo. Mvumo utapungua kweli, na siku kifaa kikivuja umeme, atakayekigusa ndiye atakayekuwa ethi.

Kabla ya kumgusa panya mwingine, fanyeni jaribio hili la rezista. Chukueni rezista ya megaomu 4.7, iungeni mfululizo na rezista tatu za kiloomu 100, kila moja ya hizo tatu ikiwa na swichi ndogo ya kuipita. Fungieni vyote ndani ya kopo la bati lililounganishwa na ethi ya amplifaya, kisha ungeni mahali pa pipeti. Swichi zote zikiwa zimefungwa roboti inaona megaomu 4.7. Iacheni programu iwinde kwa dakika 10, manipuleta ikitembea hewani. Isitangaze seli hata mara moja. Kisha fungueni swichi moja moja, kila moja kwenye hatua yake: ukinzani unapanda kwa ngazi tatu hadi megaomu 5, na hapo lazima isimame. Ikitangaza seli kabla hamjagusa swichi, tatizo ni umeme au programu, na mmelijua bila kumpoteza mnyama. Isiposimama mlipofungua swichi zote tatu, kizingiti chenu kiko juu mno.

Chanzo cha pili cha nyuroni hewa ni waya wa fedha ndani ya kishikio cha pipeti, pamoja na ule wa rejeo ulio chini ya ngozi ya panya au kwenye maji yaliyo juu ya fuvu. Ukilainika na kung'aa, kloridi inayoufunika imekwisha. Ukwangueni kidogo, uloweke kwenye Jik kwa dakika 10 hadi 15 hadi ugeuke kijivu cheusi, kisha uoshwe kwa maji safi. Dalili ya waya mbovu ni volteji ya sifuri inayohama milivolti moja au mbili ndani ya dakika chache huku hamjagusa kitu. Na maji yaliyo juu ya fuvu yakikauka, ukinzani unapanda na roboti inashangilia. Hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, maana macho yote huwa kwenye skrini.

Presha ndiyo mzibo

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hapa ndipo mtu anayefanya kwa mkono hukosea bila kujua, kwa sababu anapuliza kwa mdomo na hana kipimo. Roboti ina kipimo, lakini kipimo hicho kina thamani tu kama bomba halivuji.

Ngazi za presha ni hizi. Pipeti inapopenya tando za juu na kushuka hadi kina mnachokitaka, presha chanya ni milibari 800 hadi 1,000. Inapofika, programu inaishusha hadi milibari 25 au 30, na uwindaji unaanza. Seli ikipatikana, inakwenda sifuri. Ikibidi, mvuto mdogo wa milibari 15 hadi 20 unasaidia mzibo. Mwisho, mvuto wa ghafla wa milibari 345 hivi unatoboa utando. Presha ya mwanzo ni kubwa kwa sababu maji ya ndani ya pipeti lazima yatoke kwa nguvu na kusukumia mbali kila nyuzi na chembe. Wakati wa kuwinda inakuwa ndogo kwa sababu mkondo mkali wa maji ungeisukuma seli kabla ncha haijaigusa. Ikishuka chini ya milibari 20, uchafu unaanza kugusa kioo, na kioo kilichokwisha kuguswa na mafuta ya tando za seli hakishikani tena vizuri na utando wowote.

Geji nyingi za kidijitali zinazouzwa kwa bei ya kawaida haziaminiki kwenye milibari 30, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya presha za magari. Zipimeni kwa maji. Chukueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uupinde kama herufi U, utieni maji yenye rangi kidogo, uungeni sehemu ya pipeti. Milibari 30 ni tofauti ya sentimita 30.6 kati ya viwango viwili vya maji. Mvuto wa milibari 20 ni sentimita 20.4. Huhitaji hesabu nyingine. Tofauti ikiwa sentimita 18 wakati programu inasema 30, mmeshapata sababu ya mizibo yenu kufia njiani.

Kisha tafuteni uvujaji. Jazeni presha, fungeni vali, mwangalie geji kwa dakika nzima: isishuke kwa namna inayoonekana. Ikishuka, pakeni maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Penye makosa zaidi ni ile pete ya mpira ndani ya kishikio. Nyuma ya pipeti pasipolainishwa kwa moto pana makali, na kila pipeti inayoingizwa inaikwangua pete hiyo. Ibadilisheni mapema. Mabomba nayo yawe mafupi na magumu: hewa iliyo ndani ya bomba refu na laini hutanuka na kubana, na amri ya kuachilia presha inafika kwenye ncha kwa kuchelewa.

Pipeti yenyewe iwe ya kioo cha borosilikati, ukinzani wa megaomu 4 hadi 7. Ikiwa chini ya 3, tundu ni pana na mzibo unakuwa mgumu. Ikizidi 9, kutoboa na kurekodi kunakuwa shida. Vuteni pipeti siku hiyohiyo, zifunikwe zisipate vumbi. Wale walio Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar wakumbuke kwamba unyevu wa hewa unaathiri mashine ya kuvuta pipeti, na mipangilio iliyotoa megaomu 5 wakati wa kiangazi inaweza kutoa kitu kingine masika. Maji ya ndani yapite kwenye kichujio cha mikromita 0.2 kila mara. Kiungo kikuu ni potasiamu glukoneti, milimola 125 hivi, pamoja na HEPES ya kutuliza asidi, EGTA, ATP na GTP; pH 7.2 hadi 7.3, na osmolariti (wingi wa chembe zilizoyeyuka) karibu miliosmoli 290. ATP huharibika, kwa hiyo maji hayo yakae juu ya barafu na yamwagwe jioni.

Programu nzuri ina ukaguzi mmoja ambao wengi huuzima ili kazi iende haraka. Uwasheni. Pimeni ukinzani juu ya ubongo, kisha tena baada ya kushuka kwa presha kubwa hadi kwenye kina. Ukiongezeka zaidi ya megaomu 0.3, ncha imeziba. Iondoeni, wekeni nyingine. Kuendelea na pipeti hiyo ndiko kunakozaa megaomu 100 mnazozilalamikia: roboti bado ina uwezo wa kugundua seli kwa ncha chafu, ila haina uwezo wa kushikamana nayo.

Roboti ikishasimama, kuna sekunde chache zinazosema mengi kuliko saa nzima iliyotangulia. Iache ingoje kama sekunde 10 presha chanya ikiwa bado ipo. Seli ya kweli huacha ukinzani ulioinuka na kubaki juu, mara nyingi ukipwita kidogo kwa mapigo ya moyo wa panya, kwa kuwa utando unasogea karibu na mbali ya ncha. Kupwita huko ni habari njema. Kisha presha inaachiliwa hadi sifuri, nanyi mtazame:

Ukinzani usipobadilika kabisa baada ya kuachilia, aidha hapakuwa na seli au presha haikutoka kweli. Kagueni mdomo wa vali ya kutolea hewa. Ukiruka mara moja hadi megaomu 100 au zaidi kisha ukaganda hapo, shukuni ncha chafu kwanza, na osmolariti ya maji yenu baadaye. Ukipanda vizuri kisha ukaporomoka, ubongo unasogea, na dawa yake iko kwa panya, si kwenye presha.

Seli nzuri nyingi huanza kufunga mzibo zenyewe mara presha inapotoka. Zikisuasua, ongezeni mvuto wa milibari 15 hadi 20, huku volteji ya kushikilia, ile ambayo amplifaya inaiweka kwenye pipeti, ikishushwa polepole kutoka sifuri hadi milivolti hasi 65 au 70. Volteji hasi inasaidia sana; programu nyingi huifanya yenyewe, lakini hakikisheni haijawekwa kwenye sifuri. Msiache mvuto ukiendelea kwa dakika kadhaa. Vuteni kwa sekunde chache, achieni, vuteni tena. Mvuto usiokatika huuingiza utando ndani ya pipeti, na hata mkipata gigaomu, kutoboa kutashindikana.

Kutoboa hufanywa kwa mivuto mifupi ya milibari 345 hivi, ikiongezewa, pale inapogoma, mpigo wa volteji wa mikrosekunde 200. Ikishafunguka, miruko ya mwanzo wa kila wimbi la mraba inakuwa mikubwa ghafla, na ukinzani unashuka kutoka gigaomu. Kataeni seli ambayo volteji yake ya mapumziko iko juu ya milivolti hasi 50, au ambayo ukinzani wa kuingilia, yaani wa njia kutoka pipeti hadi ndani ya seli, umezidi megaomu 50 na unaendelea kupanda. Mkumbuke pia kwamba kwa potasiamu glukoneti volteji mnayoisoma ina kosa la mpaka wa vimiminika, linalozaliwa pale maji ya pipeti yanapokutana na maji ya nje, la milivolti 10 hadi 15: hasi 60 ya skrini ni hasi 70 na kitu. Semeni wazi kwenye ripoti kama mmerekebisha au la.

Panya na tundu la fuvu

Hapa maneno hayatakuwa mengi, ingawa umuhimu ni uleule. Tundu la fuvu lisizidi milimita 1, na likiwa dogo zaidi ubongo unatulia zaidi. Keketeni kwa kusimama mara kwa mara na kumwagia maji ya chumvi yaliyopoa, kwa sababu joto la keekee huua seli za juu na kuvimbisha tishu. Ondoeni dura, ule utando mgumu unaofunika ubongo, kwa ncha ya sindano iliyopindwa, pasipo mishipa ya damu. Damu ikitoka, subirini ikome kabisa na muoshe. Damu kwenye ncha inaua mzibo. Joto la mwili lishikwe kwenye nyuzi 37. Isoflureni asilimia 1 hadi 1.5 humweka panya vizuri. Kina cha usingizi kikiyumba, pumzi zinakuwa nzito na ubongo unapanda na kushuka nazo. Mkitumia ketamini na zailazini, jueni kwamba ketamini inazuia vipokezi vya NMDA, jambo lenye maana kubwa kama swali lenu linahusu mawasiliano kati ya seli. Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama kiwe kimepatikana kabla ya yote haya, kikitaja dawa na dozi mnazotumia hasa.

Kabla ya kushusha pipeti, tazameni juu ya ubongo kwa darubini na mchague njia isiyopita juu ya mshipa wa damu. Kwa seli za tabaka la 5 la gamba, anzeni kuwinda kwenye mikromita 400 hivi. Kwa hipokampasi, iliyo chini ya gamba, sehemu yake iitwayo CA1, shukeni zaidi ya 1,000 kwanza.

Je, mtu mwenye uzoefu anahitajika bado?

Kwa uwindaji, mzibo na kutoboa, hapana, na hilo limethibitishwa vya kutosha. Mwaka 2016 kundi la Forest lilionyesha kwamba pipeti inaweza kuoshwa na kutumika tena mara 10 bila ubora kushuka, kwa kuizamisha kwenye sabuni ya maabara iitwayo Alconox, kuvuta na kusukuma, kisha kuisuuza. Kabla ya hapo roboti ilihitaji mtu wa kubadilisha pipeti baada ya kila jaribio. Kwa uoshaji huo, inaweza kufanya majaribio mengi mfululizo yenyewe. Kwenu hili lina faida kubwa, kwani pipeti nzuri ni kazi. Lakini msianze nalo leo: mtambo unaovuja presha hautaoshwa na sabuni yoyote.

Mwaka 2017 kundi hilohilo liliifundisha pipeti kukwepa kizuizi njiani: ukinzani ukipanda wakati wa kushuka kwenye kina kirefu, inarudi nyuma, inasogea pembeni, inapita, kisha inarudi kwenye mstari wake. Mwaka huohuo kundi la Simon Schultz la Imperial College London na lile la Boyden, kila moja kwa njia yake, yaliunganisha roboti na darubini ya fotoni mbili ili iifuate seli iliyochaguliwa kwa rangi. Ugumu mkubwa hapo ni kwamba pipeti inapoingia inaisukuma tishu, na seli haiko tena ilipokuwa kwenye picha ya kwanza. Programu inalazimika kupiga picha upya na kurekebisha njia kila hatua. Na mwaka 2018 Kodandaramaiah na wenzake walichapisha roboti ya pipeti nne zinazosubiriana: moja ikipata seli, nyingine zinasimama mpaka imalize mzibo, maana kila pipeti inayotembea inazitikisa jirani zake.

Kinachobaki kwa binadamu ni upasuaji, maji ya pipeti, usingizi wa panya, na kuamua kama seli iliyorekodiwa inafaa. Panya aliye macho ni mgumu zaidi kwa sababu anasogea. Msimfikirie mpaka kwa aliyelala mmefika angalau seli moja nzuri kwa majaribio manne.

Ulizeni pia kama pachi-klempu ndiyo mnayohitaji. Inawapa volteji ya ndani ya seli, pamoja na zile ishara ndogo za chini ya kizingiti ambazo kifaa kingine cha umeme kikiwa nje ya seli hakizisikii. Lakini ni seli moja moja. Kama swali lenu ni mipigo (mishtuko mifupi ya umeme) ya mamia ya nyuroni kwa pamoja, sindano ya Neuropixels 1.0, yenye sehemu 960 za kupokelea na chaneli 384 zinazorekodi kwa wakati mmoja, itawafikisha haraka zaidi, na kazi ya otomatiki huko inahamia kwenye programu za kutenganisha mipigo kama Kilosort. Hapo hamuhitaji vali hata moja.

Kama mnabaki na pachi-klempu, wekeni masharti ya kuacha na myabandike karibu na skrini. Pipeti mbili mfululizo zikiziba kwenye tundu moja la fuvu, hameni mahali. Ncha safi zikigundua seli mara 10 bila mzibo hata mmoja, mwageni maji ya pipeti na mtengeneze mapya. Nyuroni hewa zikirudi, ondoeni panya mezani, rudisheni lile kopo la rezista, muendeshe dakika zile 10 tena.